Kumchorea Mama Mkwe Chumba

Mke wangu alipompigia mama yake simu na kumwambia kwamba nitamchorea extension, mama alijibu kuwa extension anayo.

"Ile mliniletea Krismasi bado inafanya," akasema. Simu ilikuwa kwenye spika, kwa hiyo nilisikia yote. "Ni shimo moja tu imeungua. Na ya kuchora ni ya nini? Si wanauza kwa supermarket?"

Mke wangu alicheka mpaka akashindwa kusema, akaniwekea simu mkononi nimweleze mimi. Niliishika kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa mgeni. Kuchora nyumba ndiyo kazi yangu. Nimewaeleza watu waliotaka kusikia, na hata wasiotaka, kwamba extension ni chumba kinachoongezwa kwenye nyumba. Lakini aliyekuwa upande wa pili ni mama mkwe wangu, na mimi na mama mkwe wangu hatuongei. Nikamrudishia mke wangu simu yake.

Hatujakosana. Tunaheshimiana, na kwetu heshima hiyo ina masharti yake. Sisi asili yetu ni magharibi ya nchi, ingawa babu yangu alikuja Nakuru na reli na mimi nimezaliwa papa hapa mjini. Mkwe hampi mama mkwe mkono. Hawaketi kwenye kiti kimoja. Mimi silali chini ya paa lake wala yeye halali chini ya paa langu, na chumba chake cha kulala ni mahali ambapo hata jicho langu halina ruhusa ya kupotelea. Akiwa na neno nami, humwambia binti yake, hata kama nimekaa pale pale nikimsikia. "Mwambie mkwe asogeze kiti, jua linamchoma." Mimi husogeza kiti kabla sijaambiwa, kisha mke wangu huniambia, kisha mama hutikisa kichwa akaridhika kwamba ujumbe umefika.

Kabla ya kuoa niliyaona mambo haya kuwa ya wazee. Baada ya kuoa nikagundua kwamba ni raha. Kuna watu wanaosumbuana na wakwe zao kila Jumapili. Mimi sijawahi kurushiana neno na wangu, na nilimpenda sana bila kumtazama usoni.

Anaishi kijijini upande wa Rongai, mbele kidogo ukishatoka kwetu Kiamunyi. Marehemu baba mkwe alifanya kazi kiwandani mjini, akanunua shamba huko, akajenga nyumba ya mbao yenye mabati kwa mikono yake na kuipaka rangi ya kijani kibichi. Nyumba ni imara mpaka leo. Kasoro yake ilikuwa choo, ambacho kilikuwa chini kabisa ya mteremko, ng'ambo ya migomba. Mvua za mwaka uliotangulia, mama aliteleza kwenye njia hiyo akaumia nyonga. Alikaa hospitali kwa muda mrefu, akarudi na mkongojo, na daktari akasema mambo ya miteremko yaishe.

Hapo shemeji yangu mkubwa, kaka ya mke wangu, akaitisha mkutano wa familia. Anaishi Nairobi kwenye ghorofa, na akishafikiri jambo huona limekwisha. Akasema mama anahamia kwake.

"Huko gorofani nitachunga nini?" mama akauliza. "Lift?"

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa ametazama nje, kule lilipo kaburi la mzee, na kuku wake walikuwa wanaparura karibu nalo. Kwetu Kiamunyi kuna chumba kitupu chenye choo chake, na ningempa kwa mikono miwili, ila asingeweza kulala nyumba moja na mkwe wake hata kwa kutishwa. Mtu akiondolewa kwake, akapelekwa mahali ambapo hamjui jirani, hufifia haraka. Nimeyaona hayo kwa nyanya yangu. Nikaomba ruhusa ya kusema. Nikasema, nikimwangalia shemeji, kwamba ninaweza kuchora chumba kimoja chenye choo ndani, kikaungana na nyumba ya mzee, bila ngazi hata moja.

"Sawa," shemeji akasema. "Lakini mimi nitaweka masharti. Mvua kubwa ikianza, mathe awe analala huko ndani. Akiwa bado anashuka kule kwa choo ya chini, nakuja na pickup na hakuna story."

Tulipokuwa tunaondoka alimwambia binti yake, "Mwambie mkwe achore haraka."

Neno extension alilisikia siku chache baadaye, kwenye ile simu, akadhani ni kitu kingine. Nilichora haraka. Na kwa sababu nilitaka kumfurahisha, nilichora kila kitu ambacho wateja wangu wa mjini hulilia: kuta nyeupe, paa lililojificha nyuma ya ukuta usilione kabisa, dirisha la kioo kutoka sakafuni hadi juu. Tukaenda na kompyuta. Niliiweka mezani, mke wangu akaketi katikati, mama akavaa miwani yake na kuitazama picha kwa utulivu. Nilisubiri kusifiwa.

"Mwambie mkwe amesahau kuweka paa."

"Mama, paa liko. Limejificha."

"Linamwogopa nani?"

Mke wangu akaeleza. Mama akauliza kama paa limejificha, maji ya mvua yatalionaje. Swali hilo huku kwetu si mzaha. Maji ya visima virefu hutia meno rangi ya chai, na mwenye akili huvuna ya mvua na kuyatunza. Nikasema kuna mifereji ndani ya ukuta. Mama akasema anataka kuona maji yakiingia kwenye tangi kwa macho yake, kwa maana mfereji uliojificha ukiziba, utajulikana siku ukuta umeanguka. Halafu akagusa lile dirisha kwa ncha ya kidole.

"Mwambie mkwe hii dirisha ni ya duka. Nikikaa hapo nikikula, nitakuwa nakula na kijiji yote. Watu watakuja kuniuliza unga ni pesa ngapi."

Nilinuna. Nakiri mimi ni mtu wa kununa. Barabara nzima ya kurudi nilimhubiria mke wangu kuhusu mwanga na hewa na jinsi watu wetu wanavyopenda kuishi gizani. Tulipofika kwetu yeye akaniuliza ni lini mara ya mwisho mimi mwenyewe nilikula ugali mbele ya dirisha lisilo na pazia. Macho hayana pazia, akasema. Nikachora upya. Paa likawa la mabati ya mteremko mmoja, maji yakimwagika yote upande wa tangi. Dirisha likapungua, likainuka kidogo, likageuzwa litazame lango na kaburi. Michoro ya pili ilikuwa mizuri kuliko ya kwanza na sikumwambia mtu yeyote.

Kisha tukafika kwenye vipimo, na hapo ndipo mila ilipoanza kunitoa jasho.

Chumba kipya kilipaswa kuingia kitanda chake kile kile, maana alikuwa ameapa kwamba kitanda cha mzee hakiachi. Kitanda kilikuwa ndani ya chumba cha zamani. Mimi ndani ya chumba cha zamani siwezi kuingia. Kwa hiyo nilisimama nje chini ya dirisha lililofungwa pazia, nikiwa na daftari, na mke wangu akawa ndani na utepe wa kupimia, na mama akawa jikoni akisikiliza kila neno.

"Urefu!" nikapaza sauti.

Akanisomea.

"Upana!"

Akanisomea. Niliandika yote, nikarudi kwangu, nikakaa kuchora, na kitanda kikatoka kikubwa kuliko chumba. Utepe ule una inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na mke wangu alikuwa amesoma urefu huku na upana kule. Tukarudi. Safari hii mama alitoka jikoni na mkongojo wake, akapita mbele ya binti yake, na nikasikia sauti yake kutoka nyuma ya pazia.

"Mwambie mkwe kitanda ni ya watu wawili. Ya kawaida."

Hicho kilikuwa kipimo tosha, kwa kweli.

Kitanda kilikuwa kazi rahisi. Kazi ngumu ilikuwa choo. Mtu mwenye nyonga mbovu huhitaji choo cha kukalia chenye kimo chake hasa. Kikiwa kifupi, hainuki. Kikiwa kirefu, miguu inaning'inia. Wateja wengine mimi huwauliza moja kwa moja, na wengine huwaketisha kwenye viti mbalimbali ofisini wachague. Sasa niambie, mkwe atamwulizaje mama mkwe wake anakaaje chooni? Nilimwomba mke wangu amuulize. Mke wangu akasema afadhali amuulize askofu. Mficha uchi hazai, nikamwambia. Akaniambia hana haja ya kuzaa tena.

Basi nikawaza. Sebuleni mwa mama kulikuwa na kigoda cha miguu mitatu, kimeng'aa kwa kukaliwa, na nilikuwa nimeona kwa pembe ya jicho kwamba alipokaa juu yake aliinuka bila kuguna, ilhali kwenye kochi alivutwa na watu wawili. Kimo cha kigoda kile ndicho nilichokitaka. Jumapili moja tulipokwenda kumwamkia, nilisubiri mpaka yeye na mke wangu wakatoka kuona kuku walioanguliwa. Nikatoa utepe mfukoni. Kigoda kilikuwa kimesukumwa chini ya meza, na mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo nilipiga magoti, nikaingiza kichwa chini ya meza, nikaanza kupima.

Niliposikia mkongojo ukigonga sakafu ya mbao nilikuwa nimeshachelewa.

Mimi nilikuwa chini ya meza, sehemu yangu ya nyuma ndiyo iliyokuwa inamsalimia. Sikuthubutu kutoka wala kubaki.

"Mwambie mkwe," mama akasema hatimaye kwa upole, "kama amependa hiyo stuli, achukue."

Mke wangu alikuwa ameng'ata ncha ya leso yake kuzuia kicheko. Sikuweza kueleza ninapima nini. Nikatoka na kigoda mkononi, nikashukuru kupitia kwa mke wangu, na tukaondoka nacho. Zawadi ya mama mkwe hairudishwi; ukirudisha umemtukana. Hivyo kigoda kikaja kukaa Kiamunyi, mwenyewe akabaki akivutwa na watu wawili kutoka kwenye kochi, na mimi nikalazimika kumtafutia seremala atengeneze kingine cha kimo kile kile, ambacho mke wangu alimpelekea akisema ni zawadi kutoka kwangu. Mama alifurahi sana. Aliwaambia wanawake wa kikundi chake kwamba mkwe wake ana mapenzi ya ajabu na stuli.

Ujenzi ulianza kiangazi, udongo wa huku, mwepesi kama majivu, ukiruka mpaka kwenye chai. Mafundi walikuwa watu wa kazi na wa mdomo. Msimamizi wao aliutazama mchoro wa mteremko mpana unaopanda hadi mlangoni badala ya ngazi, akaniuliza, "Boss, hii ni ya wheelbarrow ama?" Nikamweleza. Akaelewa na akaifanya vizuri. Kati ya nyumba ya mzee na chumba kipya niliacha kipito kifupi chenye vioo huku na huku, ili mbao za zamani zisigusane na mawe mapya na kila moja ionekane kwa heshima yake. Mama alikiita "barabara." Kila asubuhi alikuwa anaweka kiti kando ya uwanja, anavuta leso mabegani, na kusimamia kazi bila kusema na mtu mwingine isipokuwa kuku.

Kuta zilipokamilika tukazipaka nyeupe, na hapo tukapata shida tusiyoitegemea. Jengo jeupe, lenye mteremko wa kupandia, tangi jipya na mlango mpana, kijijini lina maana moja tu. Mwanamke alifika mapema na mtoto mgongoni akauliza chanjo inaanza saa ngapi. Mama akamketisha, akampa chai, akamwambia daktari hajafika. Siku iliyofuata wakaja wengine wawili, na mzee mmoja wa kikohozi. Mke wangu alipopiga simu, mama alisema, "Mwambie mkwe apake rangi kabla sijaanza kudunga watu sindano." Tukapaka kijani kibichi, ile ile ya mzee. Na nikubali kwamba nilipoliona jengo limesimama kando ya nyumba ya mbao, jipya lakini la ukoo ule ule, nilifurahi kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya mjini.

Lakini ndani sikuona. Wakati vigae vinalazwa, mama alikuwa tayari ameshachagua mapazia, na binti yake ameshayatundika. Kwangu mimi chumba chenye mapazia ya mama mkwe ni chumba cha mama mkwe. Nilikoma kwenye kile kipito. Choo, vyuma vya kushikilia, sakafu, taa, vyote nilivikagua kwa picha za simu alizonitumia msimamizi, na maagizo nikayatoa nikiwa nje. Mchungaji akaja akaombea chumba. Mafundi wakachinjiwa kuku wakala wakaenda zao. Nikamwambia shemeji kwa simu kazi imekwisha, na sikuweka mguu tena pale, kwa sababu mkwe hazururi karibu na mahali mama mkwe wake anapolala.

Ila hakuwa analala pale.

Mke wangu ndiye aliyegundua. Alikwenda kumwona akakuta kitanda bado kiko kwenye chumba cha zamani, na mama bado anashuka kule chini kwa mkongojo. Chumba kipya kilikuwa kimefagiliwa, kinang'aa, ni kitupu. Alipomuuliza kwa nini, mama alisema, "Hiyo chumba haijafunguliwa."

Niliposikia hivyo nikajua ni kitasa. Vitasa vya siku hizi ni karatasi. Nikanunua kingine kizuri zaidi, nikamtuma msimamizi akakifunge. Akarudi ameshiba, akasema mama ameshukuru. Wiki iliyofuata mke wangu akaenda. Kitanda kiko pale pale. "Mwambie mkwe asante kwa kitasa," mama akasema, "lakini chumba haijafunguliwa. Na mwambie asipotee." Asipotee ni salamu ya kila mtu, hata mwenye kibanda cha mboga hunifungia sukuma akaniambia nisipotee. Nikamtuma msimamizi tena akapake bawaba za mlango grisi. Akarudi ameshiba tena, akasema mlango unafunguka hata kwa kupulizwa, na kwamba pale kwa mathe kila Jumapili kuna kuku.

Kisha mawingu yakaanza kujikusanya juu ya mlima wa Menengai. Shemeji akapiga simu kuuliza kama mathe amehamia. Mke wangu hajui kudanganya, akasema bado. Shemeji akavuta pumzi. Alisema yeye aliongea mapema, na kwamba kama mama mwenyewe amekataa chumba alichojengewa, basi maneno yamekwisha. Jumamosi anakuja na pickup. Usiku ule ule mvua ya kwanza ikanyesha, nami nikalala nikiifikiria ile njia ya migombani. Niliogopa. Niliwaza pia kwamba labda chumba hakimpendezi na ameona aibu kuniambia, na wazo hilo liliniuma vibaya, kwa sababu sikuwa nimewahi kumchorea mtu kwa bidii hiyo.

Asubuhi nikamwambia mke wangu ampigie mama na amuulize bila kuzunguka: chumba kifunguliwe na nani?

"Si mwenye aliichora," mama akasema kwenye spika.

"Mama, unamaanisha Baba Watoto?"

"Kwani ni nani mwingine? Pasta amekuja, mafundi wamekula, hata hao watu wa sindano wamekunywa chai. Yeye hajaingia hata siku moja. Mimi nikilala hapo usiku mmoja tu, mkwe hawezi kukanyaga hapo tena maisha yake yote. Sasa atakuwa alichora chumba na hajawahi kuiona? Hiyo ni heshima gani? Namngoja. Kila Jumapili nachinja kuku, nawaambia mwambieni asipotee, na hatokei. Ananitumia vitasa."

Mke wangu alinitazama. Wiki zote hizo mimi nilijizuia kwenda kwa kumheshimu, na yeye akashuka kwenye choo cha chini, na nyonga ile, kwa kuniheshimu mimi. Kama shemeji angekuja na pickup yake, tungekuwa tumempoteza mama kwa adabu.

Jumamosi tulitoka mapema. Mvua ilikuwa imesimama na barabara ilikuwa tope tupu. Tulimkuta amevaa nguo ya kanisani. Ndani ya chumba kipya aliweka kiti kimoja na meza ndogo yenye kitambaa, na yeye mwenyewe akaketi nje ya mlango, kwenye ile barabara yake ya vioo, ubavu kwangu, asinitazame. Mke wangu akasimama kati yetu kama siku zote. Nikavua viatu. Nikaingia.

Alikuwa ameniandalia kuku, na juu ya sahani ameweka firigisi, ambayo kwetu haipewi mtu hivi hivi. Nilikula peke yangu katikati ya chumba kitupu, nikiona haya. Nilipomaliza na kunawa, nilidhani imetosha, nikainuka.

"Mwambie mkwe asiharakishe," mama akasema. "Mwambie aangalie vizuri."

Nikaangalia. Jua la baada ya mvua lilikuwa linaingia kwa lile dirisha na kufika hadi ukuta wa pili, jinsi nilivyotaka lakini sikuwa na hakika. Lango lilionekana, na kaburi, na kuku. Nikafungua mlango wa choo, nikashika vyuma vyote kimoja kimoja, nikavivuta kwa uzito wangu. Nikapapasa kuta. Nikahesabu hatua za mtu mwenye mkongojo kutoka mahali kitanda kitakapokaa mpaka chooni, nikazitembea polepole kwa miguu mitupu. Pembeni, nyuma ya mlango, nikaona kigae kimoja kimelazwa upande, na nikajua kwamba sitaweza kukirekebisha kamwe. Nilijifanya ninakagua dari.

Nje pickup ikanguruma. Shemeji alikuwa amechelewa kwa sababu alisimama njiani, Kikopey, kula nyama, na nyingine ameibeba kwenye karatasi. Akaingia kwenye kipito akiwa amejitayarisha kwa vita, akamkuta mama yake ameketi na nguo ya kanisani na mimi ndani nimesimama bila viatu.

"Niaje?" akauliza. "Kuna nini hapa?"

"Tunafungua chumba," mama akamwambia. "Weka hiyo nyama chini. Umekuja na pickup, si uko na nguvu? Wewe na dada yako mtabeba kitanda ya baba yenu."

Shemeji akanitazama, akamtazama dada yake, akakunja mikono ya shati. Nikawasikia ndani ya nyumba ya mbao wakibishana ni upande gani utangulie. Tukabaki mimi na mama, yeye ubavu, mimi nikiwa bado katikati ya chumba, na hakukuwa na mtu kati yetu wa kupitisha neno. Kisha akazungumza akiwa ameelekea kioo, kana kwamba anawaambia kuku.

"Ni kizuri," akasema. "Nitalala vizuri."

Sikujibu, mkwe hajibu. Kitanda kilikuwa kimefika mlangoni. Nikachukua viatu vyangu, nikatoka, nikawapisha.